Mama Aliyeomba Mwanawe Afungwe

Juzi vijana wa kigango chetu hapa Rhotia waliniita niwasemeshe. Walisema wanataka kusikia uzoefu wa wazee. Nikajipaka mafuta, nikavaa viatu vyangu vya ofisini ambavyo sasa vinanibana, nikaenda. Kabla sijafungua mdomo, kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono.

"Bibi, samahani, usituanzie mbali. Sisi tuna swali moja tu. Hawa mateja wanaotuibia betri za pikipiki, kwa nini hawafungwi wote? Akae ndani huko, akitoka kapona."

Wakapiga makofi, na wengine wakapiga na miguu.

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilikasirika, na mimi nikikasirika Kiswahili kinanikimbia, kinabaki Kiiraqw peke yake, na nusu yenu Kiiraqw mnakisikia tu hamkisemi. Basi nawajibu leo, nimeshakunywa chai. Na wewe mwenye betri, wala sikulaumu. Mtu akiibiwa betri alfajiri na abiria anamsubiri, hata Injili anaiweka pembeni kidogo.

Mimi nilikuwa afisa uangalizi. Wengi hamuijui kazi hiyo, na mama yangu mzazi alikufa hajaielewa. Aliwaambia majirani mwanawe ni polisi asiye na bunduki. Kazi yenyewe ni hii: mtu akishaonekana ana hatia, kabla hakimu hajaamua kama aende gerezani au atumikie adhabu yake akiwa nje, anaweza kumtuma mtu kama mimi aende kule alikotoka. Unazungumza na ndugu zake, na majirani, na mwenyekiti wa kitongoji, na yule aliyekosewa. Kisha unarudi kumwambia hakimu, huyu tukimwacha nje ataangalika, au huyu hapana. Akiachwa nje, wewe ndiye wa kumfuata mpaka muda wake uishe. Nimeifanya tangu enzi za kudandia malori ya mahindi hadi enzi hizi za simu za video, ambapo mtu anakuonyesha chumba kisafi kumbe ni cha jirani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shirima, Mchaga mmoja mnene mwenye sauti ndogo kama ya mtoto wa kwaya. Alikuwa na sheria yake moja: usikae sebuleni.

"Sebuleni utaonyeshwa picha za komunio ya kwanza," aliniambia. "Omba ukawasalimie walioko jikoni."

Mwanzoni nilidhani mzee anapenda kula. Na kweli alipenda, Mungu amrehemu, hakuna ugali uliompita salama. Lakini baadaye nikaelewa. Jikoni mama anachambua maharage, mikono ina kazi, macho yako kwenye ungo, na mdomo unajisahau. Sebuleni anakwambia mwanawe ni kijana mzuri, marafiki ndio walimharibu. Jikoni anakwambia sufuria zake anazificha kwa dada yake.

Jambo la pili nilifundishwa Piyaya, kwa wafugaji, na mwalimu wangu alikuwa mzee ambaye hakujua kama ananifundisha. Kijana wao mmoja alikamatwa na bangi, nami nikatumwa kuuliza tabia yake. Nikafika na tope mpaka magotini. Mzee akanisalimu, "Takwenya," nikaitikia, "Iko," nikajiona tayari nimekuwa mwenyeji. Nikauliza, je, huyu kijana ni mtu mwema? Ni mwema. Rika lake lote likaitikia, ni mwema, ni mwema sana, hakuna mwema kama yeye. Wangesema nini? Mimi mgeni natoka serikalini, na yule ni mtoto wao. Nikakaa, nikapewa maziwa, nikaona safari yangu inakwenda bure. Basi nikamuuliza mzee kama mazungumzo tu, "Ungesafiri, ungemwachia mifugo yako?"

Mzee akatema mate pembeni. "Ng'ombe ndiyo," akasema. "Mbuzi hapana. Mbuzi anauza."

Tangu siku hiyo sikuuliza tena kama mtu ni mwema. Wema wa mtu hauulizwi hivyo. Uliza atakabidhiwa nini na hatakabidhiwa nini, utajua pa kuanzia. Yule kijana alikaa nje, akachunga ng'ombe, mbuzi wakakabidhiwa mdogo wake, na mambo yakaenda.

Sasa turudi kwenye swali la betri. Zamani hizo, kusema kweli, nami nilifikiri kama wewe. Teja, yaani mtu aliyekwisha shikwa na unga wa heroini, nilimwona ni mtu aliyechagua mwenyewe. Akafungwe huko atulie. Tena gerezani unga ni wa shida, si ndiyo dawa yenyewe hiyo?

Aliyenitoa huko ni Petro. Petro alikuwa anaosha magari ya watalii pale Karatu mjini, mcheshi, anawajua madereva wote kwa majina ya utani. Alifungwa kwa unga. Alipotoka alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, na sisi wote tukasema, mnaona? Gereza limemtibu. Mama yake akachinja mbuzi, mimi mwenyewe nikala nyama. Haukupita muda, wakamkuta Petro amekufa chooni kwenye nyumba ya wageni. Nilikwenda hospitali kuuliza, maana sikuamini. Nesi akanieleza taratibu. Mwili wa mtu aliyekaa muda bila unga unakuwa umeshausahau. Yeye hajausahau. Anatoka, hamu iko palepale alipoiacha, anachukua kipimo kilekile cha zamani, na mwili haukiwezi tena. "Hawa wanaotoka ndani ndio tunawaogopea zaidi," akasema.

Nililia, wanangu. Nililia kwa ajili ya ile nyama niliyokula nikicheka.

Kwa hiyo faili la Emanueli lilipowekwa mezani kwangu, moyo wangu haukuwa tena ule wa zamani. Emanueli, Ema tulimwita, alikuwa kijana wa Endamarariek. Kazi yake ilikuwa mpishi wa makambi ya wageni kule kreta. Mnawajua vijana wale, wanapika supu kwenye baridi inayokata masikio na Mzungu anaomba aongezewe. Msimu wa wageni unapolala, wapishi hushuka Arusha kutafuta vibarua, na huko ndiko unga ulikomkuta. Alishafungwa mara moja kwa kukutwa na kete za unga, akatoka, sasa amekamatwa tena na kete. Katikati hapo alikuwa ameng'oa paneli ya sola ya jirani yake, Mzee Akonaay, akaiuza. Mzee Akonaay ni mtu wa hasira za karibu. Akaapa kwamba akimshika atamning'iniza kwenye paa palepale ilipokuwa sola.

Nikaenda Endamarariek kuwaona. Mama yake Ema, Mama Paulina, mjane, alinikaribisha sebuleni. Nikaona picha ya komunio ya kwanza. Nikaomba kwenda jikoni.

Kule jikoni, vijana, niliyoyasikia sikuwa nimeyasikia tangu nianze kazi. Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Mama Afisa," akasema, "kamwambie hakimu amfunge."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Amfunge muda mrefu. Unajua mwaka ule alipokuwa ndani, mimi nilikuwa nalala? Nilikuwa najua yuko wapi. Najua amekula. Najua hakuna atakayekuja kunigongea aniambie njoo umtambue maiti. Nilinenepa, Mama Afisa. Mtoto wangu yuko gerezani na mimi nanenepa. Mungu anisamehe, kamwambie amfunge."

Nyie mnaosema wafungwe mnasema kwa hasira ya betri. Huyu alisema kwa uchovu wa mama, na uchovu wa mama mimi siwezi kuubishia. Nilishika kisu cha pili nikamsaidia kumenya viazi. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu kwamba uraibu ni ugonjwa, nimeyapata semina, lakini maneno ya semina jikoni kwa mtu hayashuki. Nikamuuliza tu, "Alipotoka mara ile, alikuwaje?"

Hapo ndipo akaweka kiazi chini. Akasema Ema alirudi mzuri. Anaamka mapema, anachota maji, anaitika "Naam mama" kama mtoto wa seminari. Na wakati wote huo anavuta. Hakumjua mpaka sola ya jirani ilipopotea. "Zamani alikuwa anadanganya vibaya, nilikuwa namwona usoni," mama akasema. "Huko ndani alijifunza vizuri."

Nikaona nitafute mawazo ya majirani kabla sijaamua. Tukakutana nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji: Mzee Akonaay na hasira zake, katekista, watu wa nyumba za jirani, na Bibi Martina, ajuza mmoja aliyezalisha nusu ya watu waliokuwa pale na kwa hiyo hakumwogopa yeyote. Akonaay akasema afungwe. Mwenyekiti akasema afungwe. Katekista akasema tumwombee, halafu afungwe.

Bibi Martina akauliza, "Zamani mtu akiwa metimani, tulimpeleka wapi?"

Kwa msiosikia Kiiraqw, niwaeleze. Zamani kwetu, jambo zito la uchafu likiingia nyumbani, mwanamke amepoteza mtoto tumboni, au binti amepata mimba bila ndoa, wenye nyumba ile waliingia katika hali hiyo ya metimani. Hawakuchangia moto na watu wala maji, na kutembeleana kukakoma. Walikaa pembeni mpaka muda wao ukaisha, wakatakaswa, wakarudi kwenye watu. Sisemi ilikuwa mila nzuri yote. Mabinti waliteseka sana, na mimi nikiwa mwanamke sitaisifia hiyo. Lakini sikilizeni alichosema yule bibi.

"Aliyekuwa metimani hatukumpiga," akasema. "Hatukumtukana. Mwenyewe akiona mtu anakuja njiani alisema, usinikaribie, niko hivi. Tuliyekuwa tunamwogopa ni yule aliyeficha. Aliyeficha ndiye aliyeharibu nchi, mvua ikakataa kwa ajili yake. Huyu mtoto wa Paulina ametuharibia kwa sababu ya kuficha. Sasa mnataka kumpeleka mahali pa kujifunzia kuficha zaidi?"



Katekista akakohoa. "Bibi, hayo ni mambo ya kipagani."

"Na wakati wa korona ulipokuwa unaniongelesha ukiwa kule kwenye ua, umefunga kitambaa usoni," Bibi Martina akamjibu, "ile ilikuwa dini gani?"

Hata Akonaay alicheka. Na mtu mwenye hasira akishacheka mara moja, mzee wangu Shirima angesema, mkaribishe chai haraka.

Tukakubaliana. Ema akae kwao, kwenye kijumba chake cha pembeni, na moto wake mwenyewe na chombo chake cha maji. Kila mtu ajue yuko katika nini. Hakuna wa kumtukana wala wa kumtembelea kienyeji. Nesi wa zahanati apite kumwona. Akishapata nguvu, amfanyie Akonaay kazi shambani kulipia sola. Nikayapeleka hayo kwa hakimu. Hakimu wetu alikuwa mtu mkavu, haonyeshi meno, ila alikuwa anasikiliza. Siku ya uamuzi akamuuliza kwanza Mama Paulina kama ana neno. Mama akasimama mbele ya watu wote akasema alichoniambia jikoni: amfunge. Hakimu akayaandika maneno yake. Akaamua Ema akae nje chini yangu, kwa masharti.

Mama hakunisalimia siku ile. Alipita mbele yangu kwenye korido ya mahakama akaenda zake.

Sasa kama hujawahi kuona arosto, yaani ule ugonjwa wa kukosa unga, usiombe. Nilikaa nje ya kile kijumba na nesi, tunasikia. Mifupa inamuuma kama inapondwa, anatapika, anaharisha, makamasi, machozi, vinyweleo vimesimama, ngozi kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kijana mzima analia mama yake. Nesi akampa dawa za kuzuia kutapika na maji ya chumvi na sukari, anamsimamia anywe. Na msije mkaenda kumfungia mtu ndani kienyeji mkasema Bibi ndivyo alivyotufundisha. Bila nesi ile ingekuwa hatari, nawaambia kabisa.

Yalipita. Ema akatoka nje kuota jua, amekonda, mwanga unamshinda macho. Na ile habari ya Bibi Martina ikaanza kufanya kazi kwa namna ambayo sikuitegemea. Mtu akipita njiani, Ema mwenyewe anapaza sauti, "Ni mimi, sijapona bado." Mara ya kwanza alisema kwa aibu, sauti haitoki. Baadaye akawa anasema kama mtu anayesema hali ya hewa. "Leo afadhali." "Leo vibaya, nimeamka nautamani." Wapita njia wanajibu, "Jikaze, mwanangu," wanaendelea. Akonaay alikuwa anajibu, "Sola yangu inakusalimia!" Ema anacheka, mzee anapita. Mama yake alikuwa anasikia yote akiwa jikoni. Siku moja nilipofika alinipa kiti kabla sijaomba.

Mimi nikajisifu, wanangu. Nilirudi Karatu nikawaambia wenzangu ofisini, nimepata dawa.

Dawa gani! Tulisahau jambo moja, na ni kosa ambalo Wairaqw peke yetu ndio tungeweza kulifanya. Watu walikuwa wameshika mila vizuri mno. Wazee kwa vijana, wakristo safi kabisa ambao hawakuwahi kuiona metimani, damu ikawakumbusha. Hawakukaribia. Hata wale ambao wangekaa naye wakacheza bao wakamsahaulisha, walisimama njiani wakasalimu wakaenda. Wakamwacha na heshima yake peke yake mchana kutwa. Na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa haijui mila ile wala hana habari nayo: jamaa mmoja kutoka mjini, mwenye pikipiki, aliyekuwa akimuuzia. Yeye alikuja akaingia moja kwa moja mpaka mlangoni. Mila ilimzuia jirani, haikumzuia muuza unga.

Kwa hiyo ukiniuliza leo mbinu za kazi, nitakwambia: mtengee mtu wa hivyo mahali, sawa, lakini usimwache mwenyewe. Mtu akae naye. Amkere, amwombe chumvi, amsimulie mpira. Upweke ndio mlango wanaoupitia wauza unga.

Habari za kuanguka kwa Ema nilizipata kwa Mama Paulina mwenyewe. Alikuja naye ofisini Karatu, amemshika mkono kama mtoto wa chekechea, ingawa Ema alikuwa amempita kimo mara mbili. Niliwatazama nikajua. Kanuni ni kanuni, mtu akivunja masharti unamrudisha mahakamani, na mimi ndiye niliyemwambia hakimu kwamba huyu ataangalika. Nilimwona tayari amevaa nguo za gereza. Nikamwona hata Petro, kule chooni.

Mahakamani mwendesha mashtaka alisimama, na wala hakusema uongo. Alisema mshtakiwa alishapewa gereza, akarudia. Alipewa nafasi nje, akarudia. Alisema jamii nayo ina haki ya kulindwa, watu wanaibiwa, wanachoka. Akonaay alikuwa amekaa nyuma, na nilijua moyo wake uko pande zote mbili. Nami nilisimama nikasema nilichokuwa nacho: sheria inamruhusu hakimu kuagiza mtu akatibiwe, na Arusha kuna kliniki, mtu anakunywa dawa yake ya methadoni kila siku mbele ya nesi, dawa inayomshusha pole pole bila arosto. Ema ana mama mdogo huko, anaweza kukaa kwake. Mwendesha mashtaka akauliza nani atahakikisha anakwenda kila siku. Swali zuri. Na mimi nilikuwa nimeshakosea mara moja.

Hakimu akafunua kurasa za faili. Kisha akasema, "Mama wa mshtakiwa yupo? Mara ile nilikuuliza, ukaniambia nimfunge. Sikukusikiliza. Leo nakuuliza tena."

Nitawaambia kwanza yaliyotokea, ili mumsikilize yule mama bila kuhangaika. Ema hakufungwa. Alikwenda Arusha, na mama yake akafuatana naye, akaacha maharage yakiwa shambani, yakavunwa na watu wa Bibi Martina. Kila asubuhi alimsindikiza mpaka dirishani kwenye dawa. Leo hii yuko hai. Bado anakunywa dawa, kipimo kimeshuka, na anapika kwenye kantini moja ya mafundi. Akonaay alishafika kula na akalalamika chumvi imezidi. Sisemi amepona. Yeye mwenyewe hasemi hivyo. Siku mbaya bado anazo, na siku hizo hunipigia simu.

Na wewe wa betri, mwizi wako akikamatwa apewe adhabu ya wizi, sikukatazi, na akulipe. Ila ukisema afungwe kwa sababu ni teja, ili akapone huko, mkumbuke huyu mama. Alisimama na kitenge chake kimekunjamana kwa safari, hajalala. Nilidhani ataomba kama mwanzo, na angekuwa na haki.

"Mheshimiwa," akasema, "mara ile niliposema umfunge sikukosea. Nilikuwa nimechoka, na bado nimechoka. Lakini alipotoka gerezani alinijia amenawiri, ana adabu, ananiitikia vizuri, na akanidanganya kila siku ya Mungu. Safari hii amenijia jikoni anatapika, ananuka, amevaa shati la mtu, akaniambia, mama, nimevuta tena, nipeleke kwa Mama Afisa. Mheshimiwa, huyu ndiye mwanangu niliyemzaa. Yule mwingine sikumjua. Ukimfunga huyu, utanirudishia yule."